Mkono wa Fadhila

Idarus alisema uongo ule mchana kweupe, redioni, na wala hakuna aliyemlazimisha.

Mtangazaji wa Mombasa alikuwa amemwalika aeleze visa vilivyo nyuma ya nyimbo za bendi yake ya roki. Akavieleza kimoja baada ya kingine: huu niliutunga nikiwa na homa, huu tuliutunga siku mpiga ngoma wetu Sabir alipofukuzwa na baba mkwe. Wakafika kwenye "Fadhila", wimbo uliowapa jina kutoka Mombasa mpaka Kismayu.

"Na huyu Fadhila ni nani hasa?" mtangazaji akauliza.

"Msichana niliyempenda," Idarus akajibu. "Akaniacha, akaenda zake Ulaya."

Studio nzima ikacheka. Naye akacheka nao.

Kwa maana Fadhila alikuwa mtoto wa miaka minne. Alikufa maji mwaka tisini na mbili, mashua iliyojaa watu waliokimbia vita Kismayu ilipopinduka. Mama yake, Bi Shamsa, alikuwa jirani wa kina Idarus katika kambi ya wakimbizi Mombasa; kilichowatenga ni kiambaza cha makuti tu. Kila asubuhi, akisuka ukili wa mikeka, mama yule aliimba wimbo alioutunga mwenyewe, kwa sauti ya chini. Idarus, wakati huo wa miaka saba, aliusikiliza mpaka ukamkaa kichwani. Alipokuwa mtu mzima akautia magitaa, akasema ni wake. Alijiridhisha kwamba Bi Shamsa keshakufa, na marehemu hadai.

Wiki moja baada ya mahojiano, binamu yake Fakihi alimpigia simu kutoka Kismayu.

"Bi Shamsa yu hai, yuko kisiwani Chula. Yale mahojiano ameyasikia kwenye simu ya watu. Aliinuka tu, akaingia ndani, akafunga mlango."

Mwezi haukwisha Idarus akawa ameshuka Kismayu. Fakihi akampatia nahodha wa boti ya injini wa kumvusha, mtu wa miaka thelathini na kitu aitwaye Jaafar. Jaafar alipomtambua, alipiga makofi kwa furaha, akaifungulia simu yake "Fadhila" na kuuitikia njia nzima, sauti yake ikishindana na injini.

"Huyo Shamsa unayemtafuta ni mama yangu," alisema. "Mwajuana vipi?"

"Tulikuwa majirani kambini."

"Basi labda wamjua dada yangu. Watu wasema alizama nikiwa wa kunyonya. Mama hamtaji hata jina."

Idarus aligeuza uso, akatazama maji.

Bi Shamsa walimkuta barazani, mkeka mapajani. Jaafar alirudi kuifunga boti. Idarus akapiga magoti, akaubusu mkono wa yule mama.

"Mama, nimekuja kuomba radhi. Wimbo ni wako, nimeuiba. Na mtoto wako nimemsingizia."

Bi Shamsa hakuacha kusuka. "Uimbe," akasema.

Akauimba bila gitaa. Alipofika kwenye kiitikio, "Nishike mkono, Fadhila," vidole vya mama vikasimama.

"Sivyo. Mimi nasema, 'Niliuwata mkono, Fadhila.' Niliuachia. Ulisikia vibaya?"

"Nilisikia vizuri," Idarus akanong'ona. Na ndivyo ilivyokuwa. Neno lile alilijua tangu utoto. Alilibadilisha studio kwa sababu lilikuwa chungu, na watu hawachezi uchungu kama ule.

"Nilikuwa na wawili majini," Bi Shamsa akasema. "Mkono huu mtoto mchanga, mkono huu Fadhila. Mchu haogelei bila mkono, mtu si samaki. Nikachagua."

"Na huyo mchanga..."

"Ndiye aliyekuleta. Hajui. Rudi kwenye redio yako useme Fadhila alikuwa mwanangu, si hawara wa mchu. Hili la mkono liwate papa hapa."

"Na mimi, mama, utanisamehe?"

Bi Shamsa alimtazama kwa mara ya kwanza. "Mimi mwenyewe sijajisamehe, mwanangu. Msamaha wa kumpa mtu nitautoa wapi?"

Kisha akamwekea samaki na wali, akamkazania ale. Akala.

Idarus alirudi redioni, akasema: Fadhila alikuwa mtoto aliyezama, wimbo ni wa mama yake, Bi Shamsa, na mimi ni mwizi na mwongo. Wengi walimtukana, naye hakujitetea. Bendi ikaacha kuupiga wimbo ule. Sabir alihamaki, akahamia bendi nyingine.

Jioni ya siku ya pili Jaafar akapiga simu, analia.

"Kumbe ni dada yangu! Na mimi nikiuimba kama mlevi harusini!" Akapenga kamasi. "Ndugu yangu, nieleze. Siku ile alizama vipi? Hakukuwa na mtu aliyemshika?"

Idarus alifumba macho.

"Mama hakuniambia," akasema.

Jaafar akamshukuru kwa kumtoa gizani. Akamwombea umri, akamwombea kizazi chema, akamwombea Mwenyezi Mungu amlipe kwa ukweli wake. Idarus, simu sikioni, aliitikia amina kila dua, na kila amina ilimchoma.