Ekzosi ya Kupandia Mlima

Chumba walichokaa Milimita na mkewe kilikuwa na mlango mmoja tu, na mlango huo ulifungukia ndani ya karakana ya baba mkwe. Ukitaka kwenda chooni, unapita katikati ya injini. Ukitaka kwenda sokoni, unapita katikati ya injini. Na ukitaka kugombana na mkeo, ugombane kwa kunong'ona, maana nyuma ya ukuta mzee yuko na spana yake, na masikio yale, we acha tu! Alipomhitaji mkwewe hakuwa na haja ya kuita. Aligonga ukuta kwa spana mara tatu, na Milimita akaacha chai inapoa akaenda. Miaka sita hiyo.

Jina la Milimita alipewa na mafundi wenzake kwa ubishi wake wa vipimo. Mkewe alikuwa mkunga. Mwaka ule alipata kazi katika hospitali ya mji mwingine, safari ya kutwa nzima kwa basi, na barua ilisema aripoti Jumatatu. Wangepewa nyumba ya vyumba viwili, yenye mlango wa kufungukia nje kama nyumba za watu. Milimita aliahidi wataondoka pamoja. Lakini kumwacha mzee bila baraka zake hakuweza, kwa kuwa mzee ndiye aliyemtoa kwenye kuchomelea vitanda akamfundisha injini. Basi akajikaza, akaenda kuomba ruhusa, mikono nyuma.

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho huku anapangusa vidole kwa tambara.

"Jumamosi kuna mbio za pikipiki mlimani," akasema. "Miaka mitatu sasa yule muuza vipuri ananifanya kichekesho. Nitengenezee ekzosi ya kumpita. Akipitwa, mchukue mke wako mwende na baraka zangu zote."

"Na tusipompita, baba?"

"Basi nitajua mkwe wangu hana haraka ya kuondoka."

Mzee akacheka peke yake. Milimita hakuona cha kuchekesha hapo.

Alikuwa na siku tano. Pikipiki yenyewe ni ile ya kuchanganya oili na petroli, injini ndogo yenye hasira kubwa, na ekzosi yake si bomba la kutolea moshi tu, msidanganyike. Inaanza na shingo nyembamba, inatanuka kama faneli, inapata tumbo, halafu inakuja faneli ya pili iliyogeuzwa, inabana mpaka kwenye mkia. Moshi ukitoka, kishindo chake kinatangulia mbio, kinagonga faneli ya nyuma na kurudi. Kikirudi kwa wakati wake, kinaikuta petroli mbichi inaponyoka kwenye tundu la silinda, kinaisukuma ndani kabla pistoni haijaziba. Kikiwahi au kikichelewa, injini inalala. Na wakati huo unatokana na urefu wa bomba.

"Yaani kazi yako ni kukamata wanaotoroka na kuwarudisha ndani," mkewe alimtania, akimshikia karatasi aliyokuwa anachorea umbo la faneli.

"Shika vizuri, mama, unanisogezea mstari."

Karatasi ile aliilaza juu ya bati la milimita moja, akakata, akalikunja kwa kuligonga juu ya bomba la maji, akachomelea. Alhamisi asubuhi ekzosi ilikuwa tayari, na shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye ndiye dereva, akaipeleka barabarani. Pikipiki ikaenda inakohoa, inakohoa, kisha ghafla ikaamka, tairi la mbele juu! Wakamkuta shemeji mtaroni anatema majani.

"Shemeji," akauliza, "hiki umenitengenezea mimi au adui yako?"

Milimita alijua papo hapo alipokosea. Tamaa. Shingo aliifanya fupi, na bomba fupi linataka injini ipige kelele muda wote. Hilo ni la barabara iliyonyooka. Mlimani kuna kona, na kwenye kona lazima upunguze mwendo, na hapo ndipo bomba lile linapokufa.

Akaingia chumbani akarudishia mlango. Komeo halikuwepo. Mkewe alikuwa anakunja nguo.

"Mimi Jumatatu naripoti," akasema kwa kunong'ona. "Uwe nami, usiwe nami. Nakwambia mapema, usije ukasema sikukwambia."

"Tutakwenda wote. Wallahi."

Spana ikagonga ukutani mara tatu.

Milimita aliikata shingo ya ekzosi, akaongeza sentimita nne na milimita mbili, akachomelea, akasaga, akajaribu, akarudia mkia. Ijumaa hakula cha maana.

Jumamosi walisimama watatu kwenye kona ya mwisho, pale pale mbio zinapoishia, mzee, binti yake na Milimita. Pikipiki hazikuonekana, zilisikika tu. Milimita akafumba macho. Kona ya kwanza, sauti ikashuka lakini haikulala. Ya pili, ikashuka, ikapanda kwa pumzi moja. Loo! Halafu shemeji akatokeza mbele peke yake, na dereva wa muuza vipuri anameza vumbi lake.

Mzee alilia hadharani, bila aibu. Akamshika binti yake mkono. "Nilisema na sirudi nyuma," akasema. "Nendeni, wanangu. Kesho nitawasindikiza stendi mwenyewe, na tiketi zenu nakata mimi." Binti akamkumbatia, naye analia na kucheka.

Milimita alikuwa ameshachuchumaa kando ya pikipiki.

"Kona hii ya mwisho," alimuuliza shemeji, "hukusikia imesita?"

"Kidogo tu, shemeji. Tumeshinda bwana!"

"Nilijua! Ni faneli ya nyuma, inabana kwa ghafla mno. Nikiirefusha..." Akainua uso, unang'aa kwa furaha. "Baba, nipe wiki moja. Wiki moja tu, halafu ndiyo niondoke."

Mzee alimtazama binti yake, kisha akatazama chini, ameona haya kwa niaba ya mwingine.

Mkunga akafuta machozi.

"Miaka sita namlaumu baba yangu," akasema. "Miaka sita, mume wangu!"

"Nitakufuata, mke wangu. Wiki moja hii hapa."

"Baba," akasema mkunga, "ukate tiketi moja."

Milimita alitaka kusema hapana, ziwe mbili. Alitaka kabisa. Lakini alikuwa ameshanyoosha kipimo juu ya bomba, kidole kiko kwenye alama, na akikiinua ataipoteza.