Kidude Alichokitoa Fundi Ambakisye

Ndoto ya usiku wa jana haikupiga hodi. Niliingia chumbani kwa baba na kukuta injini ya pikapu imelala kitandani kwake, imefunikwa blanketi, na mdomoni ina kipimajoto changu cha maabara.

"Usinisogeze," ikasema. "Nimetoka kupasuliwa."

Sikushangaa, kwa sababu ilikuwa kweli. Wiki ileile baba alipotoka hospitali, pikapu yake ilifunguliwa na fundi Ambakisye, hapahapa Uyole ninakoishi, ikabadilishwa gasketi ya silinda hedi, kile kichwa cha injini. Baba alipopata nafuu aliomba jambo moja tu: arudi Tukuyu akalale kwake. Pikapu nayo ilipona nusu. Mlimani mshale wa joto unapanda hadi karibu na alama nyekundu. Mteremkoni unalala kabisa, kana kwamba injini haijawashwa. Mimi ni mtunza maabara wa shule, simsafirishi mgonjwa kwa kubahatisha. Nilimwambia baba mshale ukitulia tutaondoka. Tangu hapo kila asubuhi anakaa barazani amevaa kofia, anausubiri mshale.

"Baba yuko wapi?" nikaiuliza injini.

"Amekaa kwenye nafasi yangu."

Natoka nje. Boneti iko wazi. Baba amekaa mle ndani, kofia kichwani, sweta yake ya rangi ya damu ya mzee imefungwa vifungo vyote, magoti yameegemea betri.

"Funga boneti, mwanangu. Baridi inaingia."

"Siwezi kufunga kabla hujakazwa."

Silinda hedi hukazwa kwa utaratibu: bolti za katikati kwanza, kisha kwenda pembeni, kidogo kidogo. Kwa hiyo majirani waliokuja kumjulia hali walikuwa wamejipanga mstari, na anayeanza kumpa pole ni aliyesimama katikati. Kila mmoja anamshika baba mkono, anauzungusha robo, anampisha mwenzake.

Mama Tusekile alikuwa mwisho wa mstari, na mkungu wa ndizi kichwani. "Mimi nimefika kabla ya wote hawa."

"Umesimama pembeni, mama. Wa pembeni ni wa mwisho."

"Na huyu aliyekuja mikono mitupu ndiye anaanza?"

"Amesimama katikati."

"Basi ungesema tukiwa getini," akasema, akabaki palepale.

Baba alipokwisha kukazwa, aligusa kifua. "Bado kuna hewa humu."

Hewa ikibaki kwenye njia za maji, dawa yake ni kuinua pua ya gari. Ua wetu ukainuka upande mmoja. Sasa si ua tena, ni mlima wa Isyonje kwenye njia ya Tukuyu, na ukungu umeshuka barabarani. Majirani wanateleza kwenda chini bila kuharibu mstari. Mama Tusekile anapita akiwa ameketi, mkungu haujamwanguka.

Baba akapeleka mkono kwenye kofia.

"Usifungue ukiwa wa moto," nikamwambia, kama ilivyo kwa kifuniko cha rejeta.

Akangoja, kama anavyongoja siku zote nikimwambia. Alipopoa akaivua, na mapovu yakaanza kumtoka kichwani.

Povu la kwanza lilipasuka kwa sauti ya Ambakisye: "Dada, hiki kidude ni cha nchi za baridi. Sisi huku tunakitoa." Ndivyo alivyoniambia siku ile akinikabidhi thamostati, kidude cha njia ya maji ya injini, imefungwa kwenye gazeti, kama mafundi wanavyorudisha vitu vya zamani ili mteja asidhani ameibiwa. Ambakisye kazi alijifunzia Dar es Salaam. Alinieleza habari za joto la nchi yetu akiwa na koti zito na kofia ya sufu, na mvuke unamtoka mdomoni. Thamostati nikaitia kabatini pamoja na vikombe.

Povu la pili lilikuwa na sauti yangu. "Mshale ukitulia tutaondoka." Lilifuatwa na mengine ya namna hiyohiyo, mengi.

La mwisho lilikuwa dogo. Lilipasuka bila neno. Ikasikika tu harufu ya moshi wa kuni na migomba iliyonyeshewa. Baba akageuka akatazama upande mwingine.

Nikataka kumshika bega, lakini tulikuwa tumeshafika jikoni. Thamostati imeketi ukingoni mwa sufuria, kama mtu anayeosha miguu.

"Wewe ndiye uliyeniweka na vikombe?"

"Fundi alisema huhitajiki."

"Anadhani kazi yangu ni kuzuia maji. Nayazuia mpaka yapate moto, halafu nayaachia yaende. Nikiyashika siku zote, injini inaungua. Nikiondoka, yanakwenda kabla ya wakati. Nipime kama huniamini."

Baba akavuta uzi kwenye mkono wa sweta yake, akaukata kwa meno. Thamostati ikapiga mwayo, ikauuma, ikafunga mdomo. Nikaining'iniza kwa uzi huo ndani ya maji, na kipimajoto pembeni.

"Themanini na mbili nitaachia," ikasema kwa meno yaliyobana. "Na wewe unafunguka kwa digrii ngapi?"

"Sijawahi kupimwa."

"Mama yake huyu alikuwa anafunguka mapema," baba akasema, akitazama sufuria.

Nikaamka maji yakiwa hayajachemka.

Kulikuwa kumekucha. Nilikwenda kabatini kuhakikisha kwamba hakuna cha kuhakikisha. Gazeti lilikuwa limekunjwa nilivyolikunja. Ndani yake thamostati imefunga mdomo, na mdomoni imebana uzi wa sufu, rangi ya damu ya mzee. Nikauvuta, haukutoka. Springi ya kitu kile sikuweza kuishinda kwa vidole.

Nikabandika maji. Nikaining'iniza kwa uzi wake, nikatia kipimajoto, nikasimama. Sabini, kimya. Themanini, kimya. Themanini na mbili ikafungua mdomo, ikazama, na uzi ukabaki mkononi mwangu.

Nikampigia Ambakisye aje na spana.

"Dada, kile kidude kweli unakitaka?"

"Kirudishe, halafu tuiinue pua tutoe hewa. Uje na koti lako, kuna baridi."

Baba alikuwa barazani, kofia kichwani.

"Mshale umetulia?" akauliza.

"Bado. Utatulia leo. Panga nguo zako, baba, jioni ukalale kwako."

Akanyoosha mkono, akanionyesha sweta.

"Ndaga, mwanangu, asante. Basi nitafutie sindano. Sijui imefumuka lini hii, jana ilikuwa nzima."

Nikampa sindano. Uzi ninao.