Mkono wa Kushoto

Mbinu ya shule ile ilikuwa ya zamani, na kila mwalimu aliijua. Mkaguzi akija, darasa zima linyooshe mikono kwa kila swali: anayejua anyooshe wa kulia, asiyejua wa kushoto. Mwalimu anachagua wa kulia, jibu linatoka, mkaguzi anaondoka ameridhika. Funika kombe mwanaharamu apite.

Asubuhi hiyo mkuu wa shule alimkamata mwalimu wa hesabu mlangoni pa ofisi ya walimu. Wanafunzi walimwita Mama Kwa Nini, maana kwake swali la mtoto halikuwa na saa mbaya, na kwa sababu hiyo alikuwa nyuma ya wenzake kwa mada nzima.

"Mama, leo usituangushe," mkuu alisema. "Mkono wa kulia tu. Ukianza mambo yako yale ya maswali, darasa hilo nampa mwingine. Sitanii."

"Nimekusikia, Mkuu."

Alisikia, na moyo ukamuuma. Alilipenda darasa lile. Alilipokea bubu, watoto wa kukariri kama kasuku, na sasa ndiyo kwanza wameanza kumwamini.

Kipindi kilipoanza, mkaguzi akajibana kwenye dawati la nyuma. Mkuu akasimama kando ya mlango. Mama Kwa Nini akaandika ubaoni: nusu gawanya kwa robo.

"Jibu?"

Mikono yote juu. Mbele kabisa, wa kulia wa kijana ambaye wenzake walimwita Profesa, ukitetemeka kwa hamu. Dirishani, wa kushoto wa binti wa fundi cherehani, ambaye tangu muhula uanze hajafungua kinywa. Aliunyoosha bila wasiwasi, maana anajua hauchaguliwi.

Hapo Mama Kwa Nini akapandwa na hasira. Mtoto anasema waziwazi hajui, mbele ya watu wazima watatu, halafu kazi ya mwalimu iwe kumruka! Mficha maradhi kifo humuumbua. Liwalo na liwe.

"Wewe wa dirishani."

Mkuu akakohoa. Binti akasimama, macho chini.

"Sijui, Mwalimu. Wanasema mbili. Lakini ukigawanya si kitu kinapungua? Mbona mbili ni kubwa kuliko nusu?"

"Swali zuri. Mama yako ana nusu mita ya kitambaa. Mfuko mmoja wa koti unakula robo mita. Atapata mifuko mingapi?"

"Miwili." Binti akainua uso. "Kumbe tunauliza vinaingia vingapi!"

"Enhe."

"Basi vipande vikiwa vidogo, vinazidi wingi. Na ukigawanya kwa sifuri?"

"Mwalimu, mada!" mkuu alinong'ona, kwa mnong'ono uliosikika hadi nyuma.

"Kata kipande kisicho na urefu," Mama Kwa Nini aliendelea. "Utakata mara ngapi mpaka kitambaa kiishe?"

Binti akafikiri. "Hakiishi. Hata nikate mpaka nizeeke."

"Ndiyo maana hatugawanyi kwa sifuri. Si kwamba mtu ametukataza. Hakuna jibu la kutoa."

Darasa likacheka, likaanza kubishana. Mkuu uvumilivu ukamwishia.

"Inatosha! Kuanzia kesho darasa hili lina mwalimu mwingine."

Mama Kwa Nini alikuwa amejua yatakuja, na bado yaliuma kama hakuyajua.

"Kesho ni kesho, Mkuu," alisema. "Kipindi hiki ni changu mpaka kengele ilie."

Akamgeuzia mgongo.

"Nani mwingine hajaelewa? Acheni mikono. Semeni."

Aliyesimama alikuwa Profesa. Masikio yalimwiva kwa aibu.

"Mimi, Mwalimu. Ninageuza, ninazidisha, ninapata. Kila mara ninapata. Lakini kwa nini tunageuza, sijawahi kujua."

Mkaguzi akaweka kalamu chini. Mama Kwa Nini akachukua chaki.

"Njoo ubaoni, mwanangu. Tuna muda."