Tanuri Lisilokubali Namba

Nchi ya Tanuria ilipakana mashariki na Bahari ya Hoja, na magharibi na Milima ya Majibu. Na kwa kuwa hoja zilikuwa na kina kirefu na majibu yalikuwa magumu kupanda, wenyeji waliridhika kukaa katikati, katika Bonde la Mabishano, ambalo udongo wake ulistawisha ngano kuliko udongo wa nchi yoyote iliyopata kusikiwa. Mkate ndio uliokuwa maisha yao. Mtoto alipozaliwa alipakwa chachu kwenye paji la uso, na mtu alipofariki dunia alizikwa na ganda la mkate mkononi. Aliyeulizwa hali yake asubuhi alijibu, "Nimeumuka," na aliyeamka na huzuni walisema amebonyea.

Zamani sana Mwasisi wa nchi hiyo aliwaachia watu wake bakuli moja la chachu, akawausia waitunze na wale pamoja, kisha akasafiri kwa ahadi ya kurudi. Bakuli liliwekwa katika tanuri la kwanza, lililojengwa kwa mawe makubwa, likaitwa Tanuri Kuu. Karne nyingi zilipita, waokaji wakazidi kunenepa na walaji wakazidi kukonda, hata ukazuka ugomvi juu ya moshi. Kundi la watu likatoka kwa hasira, kila mmoja na kipande cha chachu ndani ya kitambaa, likajenga Tanuri la Upya. Wengine wakatoka Upya wakidai kwamba nako kuna moshi, wakajenga Tanuri la Usafi. Likaja Tanuri la Kimya, ambako donge lilikandwa bila mtu kukohoa, na Tanuri la Shangwe, ambako donge halikuumuka mpaka lipigiwe ngoma. Tanuri la Jumamosi lilijitenga kwa sababu ya siku. Tanuri la Chumvi Kidogo lilijitenga kwa sababu ya chumvi, na mwaka mmoja baadaye, kwa sababu hiyo hiyo, likajitenga Tanuri la Chumvi Kidogo Zaidi. Wakati wa hadithi hii matanuri yalikuwa arobaini, bila kuhesabu Tanuri Kuu. Na maneno hayo, bila kuhesabu Tanuri Kuu, ndiyo yaliyozaa kesi ninayoisimulia.

Serikali ya Tanuria ilikuwa na Daftari la Matanuri, ambamo kila tanuri lilikuwa na namba yake. Mtunzaji wake alikuwa Karani Mistari, mtu aliyependa unyoofu hata akachana nywele zake kwa rula. Kwa kanuni ya kazi yake hakuruhusiwa kuwa na tanuri lolote, asije akapendelea. Kwa hiyo alikula mihogo. Watangulizi wake waliwahi kulipatia Tanuri Kuu namba moja, likakataa, kwa sababu moja hufuatwa na mbili. Wakalipatia sifuri, likakataa, kwa sababu sifuri ni kitu kisichokuwapo. Wakataka kuliandika juu ya jalada, matanuri arobaini yakapinga, yakisema kwamba wasomaji watadhani yote yamo ndani yake. Basi ukurasa wa kwanza ulikaa mweupe kwa miaka tisini, na kila Jumatatu Karani Mistari aliupangusa vumbi.

Weupe huo haukumdhuru mtu, kwa kuwa watu wa Tanuri Kuu walioana wenyewe kwa wenyewe. Sheria ya ndoa ya watu wa matanuri mawili ilikuwa hivi: kila mmoja huleta mkate wa kwao, karani huandika namba za matanuri yote mawili, huimega mikate, na kila mmoja hula wa mwenzake. Uchumba ulidumu siku mia. Ukipita bila kuandikwa ulikufa, na wachumba hawakuruhusiwa kuposana tena mpaka kila mmoja awe ameoana na mtu mwingine na kufiwa naye. Sheria hii ilitungwa ili kuwahimiza vijana wasikawie.

Mwokaji Mkuu wa Tanuri Kuu, Mzee Ukongwe, alikuwa na binti mmoja, jina lake Ridhaa. Na katika Tanuri la Upya alikuwapo fundi wa mabomba ya moshi, jina lake Hiari, ambaye kwa kazi yake aliingia katika matanuri yote ya nchi na kutoka mweusi vile vile katika kila moja. Siku alipozibua bomba la Tanuri Kuu, Ridhaa alimpelekea maji ya kunawa.

"Unanitazama nini?" Hiari aliuliza.

"Nangoja nione kama chini ya masizi yuko mtu."

"Yuko. Ila ni wa Upya."

"Nawa kwanza," Ridhaa akasema, "halafu tutajua wewe ni wa wapi."

Alinawa, wakachumbiana. Siku ya tisini na tisa walikwenda kwa Karani Mistari, kila mmoja na mkate wake umefungwa kitambaani.

"Bwana harusi, namba mbili," karani akasema akiandika kwa mwandiko mzuri. "Bibi harusi?"

"Tanuri Kuu," Ridhaa akajibu.

Karani aliweka kalamu chini. "Hilo ni jina, binti. Mimi nina kisanduku cha namba."

"Kiache wazi."

"Kisanduku kilichoachwa wazi ni mtu ambaye hakuja. Nitaandikaje kwamba fundi huyu amemuoa mtu ambaye hakuja?"

Hiari akamwomba aandike moja. Karani alitetemeka kama aliyeambiwa ale mkate, akawaelekeza barazani kwa hakimu.

Kesho yake, siku ya mia, kesi ilisikilizwa mbele ya Hakimu Wastani, ambaye katika miaka thelathini ya kazi hakupata kumwambia mtu yeyote kwamba amesema kweli tupu. Mzee Ukongwe aliingia kwa joho lililoburutwa kwa hatua sita nyuma yake. Kwa upande wa matanuri arobaini alisimama Bwana Pingamizi wa Upya, msemaji wao, mwembamba na mwenye sauti kubwa. Hiari na Ridhaa waliketi benchi la mbele wakitazama kivuli cha dirisha, kwa maana sheria ilisema kwamba siku huisha jua linapozama.

"Mzee Ukongwe," hakimu akaanza, "binti yako anahitaji namba moja tu, tena ndogo. Unamnyimia nini?"

"Mheshimiwa Hakimu, mama mwenye watoto arobaini, akiulizwa ana watoto wangapi, hujihesabu na yeye? Hao wote walitoka kwetu. Sisi si tanuri mojawapo. Sisi ndio tanuri."

"Hukutuzaa, mzee," Pingamizi akadakia. "Tulikutoroka."

"Na anayetorokwa ni nani kama si mzazi?"

"Ni askari wa jela."

Watu walicheka, na hakimu alingoja wacheke kiasi cha wastani. Pingamizi akaendelea. "Mheshimiwa, wana tanuri, wana unga, wana moshi, tena moshi wa kutosha. Chenye vitu hivyo vitatu sisi hukiita tanuri. Kati yao na sisi ipo tofauti ya umri na unene wa kuta. Ni tanuri moja kati ya arobaini na moja. Waandikwe kama wenzao, wapange foleni kama wenzao."

Ridhaa alisimama, akaomba ruhusa ya kumuuliza baba yake, akapewa.

"Baba, Bi Makini, shangazi yake Hiari, alipohama Upya kuja kwetu, ulimpaka chachu mara ya pili?"

"Hapana. Chachu haipakwi mara mbili. Ni ile ile ya Mwasisi."

"Kwa hiyo chachu ya Upya ni chachu."

"Ni chachu."

"Na mkate wao?"

Mzee Ukongwe alizivuta ndevu zake. "Mkate wao," alisema, "umefanana sana na mkate."

Pingamizi alicheka peke yake, na kwa muda mrefu, mpaka Ridhaa akamgeukia. "Na wewe, Bwana Pingamizi, unakula mkate wa Chumvi Kidogo?"

"Ule? Ule tumbo langu linaukataa. Ni ushauri wa daktari."

"Na wa Jumamosi?"

"Unakuwa umelala."

"Na wa Shangwe?"

"Binti, mimi nimekuja kuzungumza habari za kwenu."

Hiari, ambaye hakuwa msemaji, alinyanyua mkono. "Mheshimiwa, kivuli kimefika mguu wa meza. Mimi sikuja kuuliza nani tanuri. Nimekuja kuoa."

Hakimu Wastani alitazama kivuli, akatazama vitabu, akatoa hukumu ambayo wanasheria wa Tanuria huisoma hadi leo kwa mshangao. Alisema kwamba kila mwananchi wa Tanuria, karani peke yake akiachwa, ni mtu wa tanuri lililomo daftarini. Tanuri Kuu halimo, tena kwa hiari yake. Basi watu wake si wananchi, na Tanuri Kuu ni nchi ya kigeni iliyotokea kuwa katikati ya mji. Na kwa kuwa mgeni huolewa bila namba na bila mkate, mradi mwananchi mmoja ashuhudie, Ridhaa yu huru kuolewa. Ila kuanzia kesho mtu wa Tanuri Kuu atakayevuka barabara kwenda kununua mafuta ya taa atahitaji hati ya kusafiria.

Mzee Ukongwe, aliyejiandaa kuonewa, alijikuta ametukuzwa. "Nchi kamili," alinong'ona, akavuta joho lake.

Bwana Pingamizi alikuwa amebadilika rangi. "Mheshimiwa, haiwezekani. Wao wawe nchi, sisi tubaki namba?"

"Tangu asubuhi ulikuwa ukinieleza uzuri wa kuwa mmoja kati ya wengi."

"Nilisema wao ni mmoja kati ya wengi. Sisi wa Upya..." Alisita, lakini ulimi ulikuwa umekwisha kutangulia. "Sisi wa Upya, ukichunguza sana, ndio tanuri lenyewe kama Mwasisi alivyolitaka. Namba mbili tulipewa utotoni, hatukuulizwa."

Mzee wa Usafi alinyanyuka upande wa nyuma wa chumba. "Samahani. Kama kuna tanuri lenyewe, mji mzima unalijua, na si la huyu bwana." Wa Shangwe wakapiga makofi wakidhani wametajwa wao. Mjumbe wa Kimya aliinuka. Alikwenda mpaka mezani, alipokuwa ameketi Karani Mistari na Daftari lake, akachana ukurasa wa Kimya, akaukunja, akautia mfukoni. Kuona hivyo wengine wote walifuata. Yale matanuri ambayo hayakupata kukubaliana juu ya unga, siku wala chumvi, yalikubaliana kwa robo saa kwamba kila moja si moja kati ya mengi; na Daftari la Matanuri likabaki majalada mawili na ule ukurasa mweupe.

Karani Mistari alilikumbatia jalada, machozi yakimtoka. Hakimu alihesabu kwa vidole, akakuta kwamba nchi nzima imekuwa ya wageni, yeye mwenyewe akiwemo kwa upande wa Chumvi Kidogo, na kwamba Tanuria imebakiwa na mwananchi mmoja, yaani yule mla mihogo.

"Bwana Karani," Ridhaa akamwambia kwa upole, "wewe ndiye wananchi wote. Unatushuhudia?"

"Sina pa kuwaandika."

"Tuangalie tu."

Aliwaangalia. Jua lilikuwa limebakiza upana wa kidole juu ya Milima ya Majibu, na mbele ya mwananchi huyo Hiari na Ridhaa wakawa mume na mke.

Karamu ilifanyika kesho yake mchana, nyumbani kwa Bi Makini. Kufika huko lilikuwa jambo zito, kwani usiku ule kila tanuri lilikuwa limetega kamba ya mpaka mlangoni pake. Bwana Pingamizi alipitia nchi tano ili kuvuka uchochoro mmoja. Mzee Ukongwe alijiandikia hati ya kusafiria, akajiuliza sababu ya safari, akajijibu, akajigongea mhuri.

Bi Makini alikuwa ameazima sahani kwa majirani, na ili zisipotee alisimama mlangoni akimpa kila mgeni namba. Pingamizi alikuwa ameng'ang'ania namba ya mwanzo, akapewa ya tisa. Alitangaza kwamba ataondoka, kisha akasikia harufu ya pilau, akaketi.

"Karibu, mzee," Bi Makini akasema Mzee Ukongwe alipofika. "Wewe ni wa arobaini na moja."

"Bi Makini, mimi sina namba. Hakimu amekwisha kuhukumu."

"Hakimu alihukumu matanuri. Mimi nahesabu midomo."

"Unajua unazungumza na Tanuri Kuu?"

"Najua. Ndiko ninakokula mkate, na nitaula huko hata nife. Lakini tanuri halili pilau."

Mzee Ukongwe alisimama pale, joho lake likiwa limenasa kwenye kamba ya mpaka wa jirani. Ndani waliimba. Wimbo ulipokwisha ilisikika sauti ya Ridhaa ikiuliza kama baba amefika, na mtu akamjibu kwamba bado.

"Mwambieni baba yake yuko mlangoni," mzee akasema.

"Huyo ni mmoja tu," Bi Makini akajibu. "Hana wa pili, wala sikumpangia foleni. Kiti chake kiko kando ya bibi harusi, na nimewafukuza watu watatu waliotaka kukikalia. Lakini sahani atakayolia ni yangu, na sahani lazima niihesabu."

Mzee aliutazama mlango. Kisha akalivua joho, akaliacha likining'inia pale liliponasa.

"Umesema ya ngapi?"

"Arobaini na moja."

"Haya. Andika."

Aliinama kwa kuwa mlango ulikuwa mfupi, akapita katikati ya watu waliokuwa wamekwisha kuanza kula, sahani mkononi, akaketi kando ya binti yake. Sahani ya Ridhaa ilikuwa imejaa na kupoa.

"Mbona huli?" alimuuliza.

"Nilikuwa nakungoja wewe."