Ghorofa na Dishi Siku ya Fainali

Haya yote ni kweli tupu, neno kwa neno, na anayebisha apande kwanza kwenye bati la moto, ashikilie ukingo wa dishi kwa mikono miwili, kisha ashuke tubishane.

Mzee mwenyewe anaitwa Ghorofa. Jina hilo alilipata kazini, maana hadi kustaafu kwake aliendesha lifti ya jengo refu la ofisi, na mpaka leo haingii chumbani bila kutangaza amefika ghorofa ya ngapi. Kwamba siku moja lifti ilipitiliza paa akalazimika kumwomba mwewe njia, hilo aulizwe yeye. Sisi tuna dishi la kushughulikia.

Siku hiyo binti yake wa pekee alikuwa anachezesha fainali ya kombe. Si kushika kibendera pembeni, la! Refa wa kati, mwenye filimbi yake mdomoni. Mtoto yule yule aliyekuwa akimsimamisha baba yake mlangoni kwa mluzi kila alipoingia na viatu vya matope! Ghorofa alikwisha kuitangaza habari hiyo dukani, kwa kinyozi, kwenye kituo cha maji, na hata kwa watu wawili waliokuwa wamekosea nyumba. Wote aliwaalika. Mkewe, ambaye ni fundi cherehani, alisukuma mashine yake ukutani, akaazima viti na benchi, akapangusa kioo cha televisheni kwa kipande cha hariri.

Mchana akaiwasha. Kioo kikaandika: hakuna mawimbi.

"Ni upepo," alisema Ghorofa.

"Upepo gani, baba?" mkewe akamjibu. "Hata moshi wa jiko umesimama wima kama askari wa gwaride."

Shemeji mtu, kaka wa mke, yule kinyozi, akatoka uani akaangalia juu. Kicheko alichokiangua kilimfanya ashike ukuta. Kamba ya nguo! Ghorofa kwa mikono yake ndiye aliyeifunga kwenye mkono wa dishi, eti nguzo ya pili ya nini wakati chuma kipo. Na asubuhi hiyo mkewe alikuwa ameanika mapazia ya mteja, mazito, bado yanachuruzika maji. Dishi lilikuwa limevutwa shingo, linatazama banda la kuku la jirani.

"Kumbe ndiyo maana kila nikifua picha inakatika!" mkewe akang'aka. "Na wewe unaniambia setilaiti imekwenda kupumzika."

"Nayo ina mwili," Ghorofa akasema, huku akifungua kamba kwa haraka.

"Tumwite fundi," alisema shemeji.

"Fundi wa nini? Mimi nimepandisha watu wazima na mabegi yao maisha yangu yote, nitashindwa kupandisha sahani?"

Akapanda ngazi na spana mfukoni, akakalia gunia ili bati lisimuunguze. Mkewe akakaa mbele ya televisheni na rimoti, shemeji akasimama dirishani kupokea na kupeleka maneno. Ghorofa akalegeza bolti, akasogeza dishi upana wa kidole.

"Ipo?"

"Haipo!"

Akasogeza tena.

"Ipo?"

"Chenga tupu! Kama mchele umemwagika!"

Akasogeza, akainua, akashusha, akageuza. Mara ndani mkewe akapiga kelele: "Hapo hapo! Asiguse!"

"Dada anasema usiguse!" shemeji akarusha neno juu.

Ghorofa akashangilia. Akaikaza ile bolti kwa nguvu zote za furaha, akazungusha mpaka spana ikalia. Alipoona imetosha akaongeza mzunguko mmoja wa ushindi.

"Wameshaingia uwanjani?" akauliza.

"Uwanja gani?" mkewe akajibu. "Kuna mama wa nchi za mbali huku anashona kola bila mshono kuonekana. Ngoja nione anavyoikunja."

Ghorofa alisema maneno ambayo hayafai kuandikwa. Alipojaribu kuilegeza bolti, ilizunguka kama pia. Meno ya bolti yalikuwa yamesagika. Sasa dishi lilikuwa halikaziki tena popote. Ukiliachia, linainama taratibu kama mtu anayesinzia msikitini au kanisani, popote penye mahubiri marefu.

Wageni walikuwa wanajaa. Viatu vilipangwa mlangoni mpaka barazani. Ghorofa akalikumbatia dishi, akalizungusha kidogo kidogo, na safari hii nyumba nzima ikalipuka.

"Ipo! Ndiye! Ndiye!"

Akaachia ili ashuke.

"Imepotea!"

Akashika.

"Imerudi! Mzee, usitikisike!"

Basi hapo ndipo alipobaki. Filimbi ya kwanza aliisikia kupitia dirishani, akaitambua kama unavyotambua kikohozi cha mtu wa nyumbani. Mkewe akawa anamtangazia: "Ametoa kadi! Beki mmoja mrefu kama mlingoti anamfokea, naye amemtazama tu, hata kope hachezeshi! Baba, mtoto wako huyu!" Mikono ilikufa ganzi, jasho likaingia machoni, ndege akamtua kofiani na kujisaidia pale pale, lakini Ghorofa hakutingishika. Kipindi cha kwanza, cha pili, na nyongeza yake. Kombe likatolewa yeye yu juu ya bati, hajaona hata unywele wa mwanawe.

Hivyo ndivyo Ghorofa alivyoisimulia barazani kesho yake, binti yake amerudi, majirani wamejaa, chai inazunguka. Na kwa kuwa watu walikuwa kimya kabisa, akanogewa.

"Na ile penalti, mwanangu! Ulikimbia moja kwa moja, ukanyoosha mkono, soksi yako ya kushoto imeshuka mpaka kwenye kifundo, na wala hukuijali!"

Binti akaweka kikombe chini.

"Baba, soksi uliiona kutoka juu ya bati?"

Ghorofa akafungua mdomo. Akatia chai.

Shemeji akavua kofia, akageuka ili wote waone shingo yake ilivyoungua, nyekundu kama nyanya. "Wakati wa mapumziko aliniomba nimshikie dakika mbili akanywe maji. Nilipomwita, nikamsikia anawaambia wageni ni muuza ndoo anapita njiani!"

"Nilimwambia arudi juu," mkewe akadakia. "Akaniambia hasikii. Amekaa sakafuni, pua iko kwenye kioo, machozi yanashuka mpaka kwenye kola, anawauliza watu, mnamwona? Mnamwona?"

Baraza likacheka mpaka chai ikamwagika. Binti hakucheka. Akasimama, akanyoosha mkono kuelekea ngazi, kama alivyofanya mbele ya uwanja mzima.

"Leo jioni wanairudia mechi," akasema. "Mjomba atakaa kwenye kiti chako. Wewe juu, tangu mwanzo mpaka mwisho."

"Lakini bolti mpya..."

"Maduka yamefungwa, baba."

Refa akishaamua ameamua. Jioni ilipofika Ghorofa akapanda na gunia lake, akalikumbatia dishi mpaka akasikia kelele za kuthibitisha picha ipo. Mama mmoja aliyekuwa akipita na kapu akasimama kumshangaa.

"Mzee, unatafuta nini huko?"

"Mwanangu anachezesha fainali," Ghorofa akamjibu, kifua mbele. "Ingia ndani, mama, nafasi ipo. Na ukifika, mwambie yule mwenye shingo nyekundu ashushe miguu kutoka kwenye stuli yangu."