Mkono Pamba

Msusi huyu waliomwita Mkono Pamba ni wateja wake wenyewe, wanawake waliokuwa wakisinzia katikati ya kusukwa na kuamka kichwa kimeisha. Kusuka bila kuumiza si jambo dogo, jamani. Wasusi wengi huvuta utadhani wanang'oa magugu.

Basi ukaja uchovu. Si ule wa kazi, unaolala nao ukaamka umekwisha. Huu aliamka nao. Akipanda ngazi za saluni, moyo unamwenda mbio. Ulimi ukawa mwekundu, unawaka moto. Dada yake akasema ni upungufu wa damu, nani asiyejua? Zahanati wakampima: madini ya chuma yapo, tena ya kutosha. Akarudi tena, chuma kipo. Daktari akamwambia apunguze mawazo. Mawazo gani? Hata hayo hakuwa nayo. Dada mtu akageuza maneno, akasema ni uvivu wa utu uzima. Aliyasikia, wala hayakumchoma. Siku hizi hakuna lililomchoma.

Kisha ganzi. Ilianzia nyayoni, ikahamia vidoleni, akawa anashika nywele kama mtu aliyevaa glovu. Hakumwambia mtu. Msusi asiyehisi vidole vyake amwambie nani, mteja? Akaanza kusuka kwa macho, na kwa kuwa hakuujua tena uzito wa mkono wake, akawa anakaza tu. Wateja wakapungua kwa adabu: huyu ana safari, yule ameamua kunyoa. Mmoja tu, mcheshi, ndiye aliyesema, "Niliomba msuko wa twende kilioni, lakini naona tumeshafika." Saluni nzima ikacheka. Mkono Pamba naye akacheka, kwa sababu wenzake wanacheka.

Aliyebaki ni binti yake, anayesomea ualimu. Alikuwa akikaa chini katikati ya magoti ya mama, kimya, mpaka mwisho. Jumamosi moja mama akamgeuza aone kazi yake. Akaona nyusi zimevutwa juu, vipele vimejipanga kwenye paji la uso, vingine vimetumbuka, na machozi yamekaukia mashavuni.

"Mbona hukusema?"

"Ningesema ungeacha kusuka. Na ukiacha kusuka, mama, utabaki na nini?"

Mkono Pamba akasubiri uchungu uje. Haukuja. Alijua kwa akili tu kwamba mama mwingine hapa angelia.

Jumatatu binti akampeleka zahanati, akaingia naye mpaka kwa daktari. Daktari akauliza swali lake la siku zote, anatumia dawa gani. Mkono Pamba akajibu kama siku zote, hatumii dawa.

"Na zile za sukari?" binti akauliza.

Ah, zile! Zile alikuwa akimeza tangu binti hajaota meno. Kwake hazikuwa dawa tena, zilikuwa sehemu ya chai. Dawa ni ya mgonjwa, bwana, na sukari yake ilikuwa imetulia.

Daktari akaweka kalamu chini. Akaeleza kwamba dawa ile ikitumiwa miaka mingi huweza kuuzuia mwili usipate vitamini B12, ambayo damu inaihitaji na mishipa ya fahamu inaihitaji, na kipimo cha chuma hakiwezi kuionyesha. Wakapima. Ilikuwa chini sana. Ataanza sindano, akasema, na uchovu utaondoka.

"Na vidole vyangu hivi vyenye ganzi?"

"Huenda vikarudi. Huenda visirudi vyote. Tumechelewa."

Sindano zikafanya kazi yake. Pumzi ikarudi, ngazi akazipanda bila kusimama. Vidole vikabaki vilevile. Vipele vya binti vilipopona, akaja akakaa chini mahali pake, kama kawaida. Mama akashika kichana, asianze.

"Vidole havinambii kitu, mwanangu. Niambie wewe."

Akagawa nywele, akaanza. Msuko wa kwanza, kimya. Uliofuata, kimya. Mwingine, katikati, binti akavuta pumzi.

"Mama, unaniumiza."

Akalegeza. Machozi yakamtoka, ya kwanza tangu ugonjwa uanze, yakamdondokea vidoleni. Aliyaona. Hakuyahisi. Akayafuta kwenye gauni, akaendelea kusuka.