Nakuja, Mama

Jumamosi mchana Geofrey alikuwa chumba cha nyuma cha nyumba yake ya Kihonda, bisibisi mdomoni, akihangaika na kompyuta aliyoiunganisha kwa vipande vya kompyuta zilizokufa. Kasha lilikuwa wazi na feni ilimpulizia vumbi usoni. Veronika, mwalimu wa kwaya, alimwita dirishani: wenzake wa besi walikuwa wameshafika kanisani.

"Nakuja," alijibu Geofrey, kama tunavyojibu sote wakati hatuna hata dalili ya kunyanyuka.

Akaendelea kukaza skrubu. Hata hivyo alifika kanisani, akaimba besi vizuri tu. Mkewe Filomena, aliyekuwa anaimba sauti ya pili, alimwacha kule akikunja karatasi za nyimbo, akamkuta nyumbani ameinamia kasha lake.

"Kumbe na huku upo," alisema, akaenda kuinjika chai.

Tangu hapo ikawa hivyo. Mwanafunzi wa chuo akija kuulizia tasnifu aliyompa aichape, Geofrey aliitikia "nakuja", na Geofrey mmoja akatoka na diski mfukoni. Mtaa ulizoea. Aliyelalamika ni Veronika peke yake, maana kuna siku Geofrey watatu walijazana kwenye benchi la besi wakigombea kitabu kimoja.

Hakuwa mtu mbaya. Kiwanda alimokuwa fundi kilipouzwa, mwenye mali mpya alimwambia hahitajiki. Mtu akishaambiwa hivyo, kusema hapana kunamshinda. Kanisa lilimhitaji, wenye kazi za kuchapa walimhitaji, na ile kompyuta ilimrudishia ufundi wake kila ilipokubali kuwaka. Mimi namwonea huruma mpaka leo.

Kisha Maneno, dereva wa gari la mboga kutoka Mgeta, kule milimani, akaegesha mlangoni. Alileta njegere na salamu za Bi Josephine, mama yake Geofrey. Mtoto wa jicho alikuwa ameshamziba jicho moja, na la pili lilikuwa linafifia. Mama alitaka kumwona mwanawe wakati bado anaona.

"Mwambie nakuja," alisema Geofrey kutoka ndani.

Maneno alipogeuka, Geofrey alikuwa ameshapanda nyuma ya gari, juu ya magunia matupu.

Jumapili iliyofuata Filomena naye alipanda Mgeta. Alimkuta mkwewe jikoni, na mumewe kwenye kigoda, ameshika kikombe cha chai iliyopoa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu nitazamie huyu. Nikimuuliza kama amefika, nakuja. Nikimwambia ale, nakuja."

Bi Josephine alimshika mwanawe kidevu, akamgeuzia uso kwenye mwanga wa mlangoni, akamtazama sana kwa jicho lililobaki.

"Huyu bado yuko njiani," alisema.

Filomena alishuka na Maneno siku hiyo hiyo, akaingia chumba cha nyuma bila hata kutua kapu, akayasema yale maneno kama yalivyosemwa. Geofrey aliweka bisibisi chini. Machozi yalimtoka, kwa kuwa alimpenda mama yake, na hilo hakuna anayelibisha. Alisimama akaanza kutafuta viatu. Ndipo kompyuta ikalia mlio mfupi na kioo kikawaka, kitu ambacho kilikuwa kimemshinda wiki nzima. Akakaa kidogo tu, aone.

"Baba Pendo, Maneno anageuza gari, anakusubiri wewe," Filomena aliita kutoka barazani.

"Nakuja."

Aliyetoka alikuwa amevaa viatu na amechana nywele. Filomena alimfungia mkate wa mama, akamsindikiza mpaka garini na kumtakia safari njema, maana naye alikuwa mumewe.

Masika yalipoanza, Bi Josephine alikuwa haoni tena, na akina Geofrey walikuwa wamejaa jikoni kwake. Hawakuwa wasumbufu. Walimpasulia kuni, wakamchotea maji, na jioni waliimba besi kwa sauti ya chini. Yeye alipakua ugali na maharage, akawapapasa vichwa mmoja mmoja akiwagawia. Halafu alipakua sahani nyingine, akaifunika, akaisogeza karibu na moto ili mwanawe akifika akute chakula hakijapoa.